Maisha ya Edgar Codd na Suala la Kapa katika Hifadhidata

Utangulizi

Katika mtaa wa Nyanchwa, kandokando ya mji wa Kisii, si vigumu kumpata nyanya ambaye ukimwuliza tarehe ya kuzaliwa kwake atakutajia tukio badala ya tarehe. Atasema alizaliwa wakati vijana waliokwenda kupigana vita vya pili vya dunia walipokuwa wakirejea nyumbani, au mwaka ambao mavuno yalikuwa haba. Karani wa sensa amezoea majibu ya aina hii. Ndiyo sababu huenda nyanjani na kalenda ya matukio ya kihistoria ili aweze kuukadiria umri. Karani mwingine, ambaye fomu yake ina visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka, hana subira hiyo. Huandika tarehe mosi Januari ya mwaka anaoukisia, kisha akamwita mtu anayefuata.

Uongo huo ni mdogo machoni, lakini hudumu. Miaka ikipita hapatakuwa na ajuaye kwamba tarehe hiyo ilibuniwa. Tarakilishi huisoma jinsi inavyosoma tarehe ya mtoto aliyezaliwa hospitalini na kusajiliwa siku iyo hiyo. Je, lipi bora: kuandika jambo tusilolijua kana kwamba twalijua, au kukiri kutojua na kuyakabili matokeo yake? Swali hili, ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la makarani tu, lilimshughulisha mwanahisabati mmoja kwa zaidi ya miaka kumi. Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha ya mwanahisabati huyo, Edgar Frank Codd, na kuonyesha jinsi suala hilo linavyomgusa hata mwanafunzi wa Kiswahili.

Utoto, Elimu na Vita

Codd alizaliwa mwezi wa Agosti 1923 katika kisiwa cha Portland, jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alifanya kazi ya kutengeneza ngozi, na mama yake alikuwa mwalimu. Baada ya masomo ya sekondari mjini Poole alijiunga na Exeter College katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alisomea hisabati na kemia.

Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, Codd alijiunga na jeshi la anga la Uingereza, akawa rubani. Vita vilipokwisha alirejea masomoni, na mwaka wa 1948 akavuka bahari ya Atlantiki kwenda kutafuta maisha nchini Marekani.

Marekani, Kanada na Kurejea

Mjini New York, Codd aliajiriwa na kampuni ya IBM kama mwandishi wa programu za kihisabati. Tarakilishi za wakati huo zilijaza chumba kizima, na waliojua kuzizungumzisha walikuwa wachache mno.

Mwaka wa 1953 Codd alifungasha virago akahamia Ottawa, nchini Kanada. Hakufukuzwa na mtu. Alichukizwa na kampeni ya Seneta Joseph McCarthy, ambapo watu walituhumiwa ukomunisti bila ushahidi wa kutosha na wengi wakapoteza kazi zao. Tukio hili linatudokezea tabia ya mtu huyu. Hakuwa mwepesi wa kunyamaza pale alipoona dhana inachukuliwa kuwa hakika.

Baada ya miaka kadhaa alirejea Marekani na IBM, akashiriki katika kazi ya kuiwezesha tarakilishi moja kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja. Kisha, akiwa mtu mzima mwenye familia, akarudi darasani. Mwaka wa 1965, akiwa amepita umri wa miaka arobaini, alipata shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Michigan. Tasnifu yake ilihusu mashine za kinadharia zinazoweza kujizalisha. Mtangulizi wake, John von Neumann, alikuwa ameunda mashine ya aina hiyo ambayo kila seli yake ilihitaji hali 29. Codd alionyesha kwamba hali 8 zatosha. Hamu hiyo ya kutafuta machache yanayotosha ndiyo iliyokuja kumpa umaarufu.

Jedwali la Mwaka wa 1970

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Codd alikuwa mtafiti katika maabara ya IBM mjini San Jose, California. Wakati huo hifadhidata, yaani ghala la taarifa ndani ya tarakilishi, zilipangwa mithili ya matawi ya mti au nyuzi za wavu. Aliyetaka taarifa alilazimika kuijua njia ya kuifikia. Hali hiyo ilifanana na mgeni anayeelekezwa nyumba kwa kuambiwa apite dukani, apinde kushoto penye mkaratusi, kisha ahesabu malango matatu. Siku mkaratusi ukikatwa, mgeni amepotea. Vivyo hivyo, mpangilio wa ghala ulipobadilishwa, programu zilizolitegemea zilikwama.

Mnamo Juni 1970 Codd alichapisha makala mafupi katika jarida la Communications of the ACM. Alipendekeza kwamba taarifa zote zipangwe katika majedwali. Kila mstari uwe wa mtu au kitu kimoja, na kila safu iwe ya sifa moja, kama vile jina, umri au makazi. Majedwali yahusiane kwa thamani zilizomo ndani yake, wala si kwa njia zilizofichwa. Mwulizaji aseme anachokitaka, na jukumu la kukitafuta liachiwe mashine. Msingi wa haya yote ulikuwa nadharia ya seti na mantiki, taaluma mbili alizozifahamu barabara.

Wazo hilo halikupokelewa kwa vifijo. IBM ilikuwa ikiuza mfumo mwingine wa mtindo wa matawi, na haikuwa na haraka ya kuukatia mzizi mti uliokuwa ukizaa. Mwaka wa 1974, mjini Ann Arbor, Codd alipambana hadharani kwa hoja na Charles Bachman, kinara wa mtindo wa wavu aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Turing mwaka uliotangulia. Mwaka uo huo watafiti wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, waliwasilisha lugha ya kuulizia majedwali ambayo hatimaye ilijulikana kama SQL. Mwaka wa 1979 kampuni ndogo ambayo leo yaitwa Oracle iliitangulia IBM kuuza mfumo unaotumia lugha hiyo. Mnamo 1981 Codd mwenyewe alitunukiwa Tuzo ya Turing. Leo hii rekodi za benki, za hospitali na za vyuo vyetu zimehifadhiwa kwa wingi katika majedwali ya aina aliyoipendekeza.

Kapa Yaingia Jedwalini

Jedwali lina ukali wake. Kila mstari sharti uwe na safu zilezile. Kwa hiyo pale ambapo taarifa ya mtu mmoja haipo, pengo huonekana. Waandishi wa programu walizoea kuliziba pengo hilo kwa hila: umri usiojulikana uliandikwa 0 au 99, tarehe isiyojulikana ikaandikwa ya miaka mingi iliyopita, na jina lisilojulikana likajazwa nafasi tupu. Kila programu ilikuwa na hila yake. Aliyekuja baadaye, asijue siri hiyo, alikokotoa wastani wa umri akijumlisha hizo 99 zote.

Katika makala yake ya mwaka wa 1979 Codd alilishughulikia suala hili kwa kina, na katika kanuni zake mashuhuri za mwaka wa 1985, zilizokusudiwa kupima mifumo iliyokuwa ikijinadi sokoni kuwa ya majedwali, alilipa kanuni yake maalumu. Alishikilia kwamba mfumo uwe na njia moja tu, inayofanana kwa aina zote za data, ya kuonyesha kwamba taarifa haipo. Njia hiyo isichanganywe na sifuri, wala na neno lisilo na herufi, wala na nafasi tupu.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Tuiiteje alama hiyo? Neno batili halifai, kwa kuwa kilicho batili kimekwisha kutangazwa kuwa si halali. Neno tupu nalo lapotosha: kikapu kitupu twajua fika kwamba hakina kitu. Sifuri ni tarakimu inayojulikana. Makala haya yanapendekeza neno kapa, ambalo twalisikia katika msemo wa kutoka kapa, yaani kutoambulia kitu, na ambalo wanaisimu wetu wamelizoea katika istilahi ya mofimu kapa.

Hata hivyo, ni vyema kutahadhari. Tukichukua nomino shoka na mashoka, umbo la wingi lina kiambishi ma-, ilhali la umoja halina kiambishi kinachoonekana. Wanaisimu husema pana mofimu kapa. Kapa hiyo haionekani lakini maana yake yajulikana: kila mzungumzaji anajua kwamba shoka ni moja. Kapa ya Codd ni kinyume cha hayo. Alama yake yaonekana jedwalini, lakini thamani haijulikani. Ya kwanza ni ukimya wenye ujumbe kamili. Ya pili ni ungamo la kutojua. Tukilitumia neno moja kwa dhana hizi mbili, sharti tofauti hiyo tuitaje darasani.

Codd aliweka pia mpaka. Safu iliyo ufunguo wa jedwali, yaani ile inayomtambulisha kila mtu, kama vile nambari ya kitambulisho au ya usajili chuoni, haiwezi kuwa kapa. Twaweza kutojua umri wa nyanya wa Nyanchwa, lakini hatuwezi kuandika habari zake pasipo kujua tunamwandika nani.

Mantiki ya Ndiyo, La na Haijulikani

Kuikubali kapa kulikuwa na gharama. Mantiki tuliyoizoea ina majibu mawili, ndiyo na la. Ukiuliza kama nyanya ambaye umri wake ni kapa ametimiza miaka 70, jibu la kweli si ndiyo wala la, ni haijulikani. Wanamantiki, akiwemo Jan Łukasiewicz wa Poland, walikuwa wameichunguza mantiki ya thamani tatu tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Codd aliileta kazini.

Kanuni zake si ngumu. Kinyume cha haijulikani ni haijulikani. Tukiuliza kama nyanya ametimiza miaka 70 au anaishi Nyanchwa, na makazi yake twayajua, jibu ni ndiyo hata kama umri hatuujui, maana sehemu moja yatosha. Tukiuliza kama ametimiza miaka 70 na anaishi Mombasa, jibu ni la, maana sehemu moja imekwisha kuanguka. Aidha, haifai kuuliza kama umri ni sawa na kapa, kwa sababu jibu la swali hilo ni haijulikani daima. Lugha ya SQL ina swali lake maalumu la kuuliza kama mahali fulani pana kapa, na mwanagenzi asiyelijua hupata orodha isiyo na mtu hata mmoja asielewe kwa nini.

Kuna mtego mkubwa zaidi. Ukiomba orodha ya watu, SQL hukupa wale tu ambao jibu lao ni ndiyo. Chukua mpango wa serikali ya Kenya wa Inua Jamii, ambao kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/2018 uliwalenga wazee wote waliotimiza miaka 70, kwa malipo ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Tuseme pana jedwali la wazee wa mtaa. Karani anaomba orodha ya waliotimiza miaka 70. Nyanya wetu hayumo. Anaomba orodha ya wasiotimiza, hayumo vilevile. Akijumlisha orodha hizo mbili atadhani amewamaliza watu wote, kumbe nyanya amedondoka katikati. Si mashine iliyomsahau. Mwulizaji ndiye aliyesahau kuomba orodha ya tatu, ya wale ambao umri wao haujulikani, ili mtu atumwe akawaulize.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu nchini ambaye hajasikia kilio cha alama zilizokosekana. Mwanafunzi amefanya mitihani minne. Mitatu ina alama 62, 70 na 66, na wa nne alama zake hazionekani. Ofisi ikiandika sifuri, wastani ni 49.5, na mwanafunzi anashuka hadi daraja la kupita tu. Ikiachwa kapa, SQL huiruka na kugawanya kwa tatu. Wastani ni 66, daraja la pili la juu. Kwa hakika hata hiyo 66 si wastani wa mitihani minne. Ni wastani wa tunachokijua. Mfumo mwaminifu ungeonyesha pia kwamba ni mitihani mitatu tu kati ya minne iliyohesabiwa. Lakini tofauti ya sifuri na kapa ni tofauti ya kumwambia mwanafunzi kwamba ameanguka na kumwambia kwamba karatasi yake inatafutwa.

Ubishi na Sahibu Yake

Codd hakuridhika na kazi yake. Aliona kwamba kapa moja inabeba maana mbili. Safu ya nambari ya simu ya mtu ikiwa kapa, huenda mtu huyo ana simu ila nambari haijulikani, au hana simu kabisa. Safu ya jina la mume, kwa mwanamke asiyeolewa, haisubiri kujazwa, haimhusu. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1990 alipendekeza alama mbili: moja ya thamani iliyopo ila haijulikani, na nyingine ya thamani isiyohusika. Kwa alama mbili, mantiki nayo ikawa ya thamani nne.

Mpinzani wake mkuu alikuwa sahibu yake. Chris Date alikuwa amefanya kazi naye IBM, akaandika kitabu cha kiada kilichoyaeneza mawazo yake vyuoni, na wakaanzisha pamoja kampuni ya ushauri. Date alilikubali jedwali lakini akaikataa kapa. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa mfano wa nyanya yuleyule. Ukiuliza kama nyanya ametimiza miaka 70 au hajatimiza, mtoto yeyote atajibu ndiyo, maana hakuna njia ya tatu. Mantiki ya thamani tatu hujibu haijulikani. Mfumo unaokosa jambo lililo wazi hivyo, alishikilia Date, hauaminiki. Aliona heri jedwali lipangwe upya ili pengo lisiwepo, au iwekwe thamani maalumu iliyokubaliwa. Codd alijibu kwamba thamani maalumu ni ile hila ya zamani iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka wa 1993 walijibizana kwa maandishi, na mpaka leo wataalamu wamegawanyika.

Wala Codd hakuwaunga mkono waundaji wa SQL. Mwaka wa 1988 aliwakosoa vikali, mojawapo ya lawama zake ikiwa kwamba mantiki ya thamani tatu waliitekeleza kijuujuu. Kwa hiyo kapa tunayokutana nayo leo katika SQL si ile aliyoitaka hasa, na baadhi ya makosa anayolaumiwa hayakuwa yake.

Miaka ya Mwisho

Codd aliondoka IBM mwaka wa 1984, akaendelea kuandika na kutoa ushauri. Alifariki tarehe 18 Aprili 2003 nyumbani kwake Williams Island, Florida, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka uliofuata, tuzo ya uvumbuzi inayotolewa na wanataaluma wa hifadhidata wa chama cha ACM ilipewa jina lake. Kampuni zilizouza majedwali zilitajirika mno, ilhali yeye aliishi na kufa mtafiti.

Hitimisho

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maisha ya Codd yanatufunza kuiongezea methali hiyo sharti moja: ufa usizibwe kwa tope lililopakwa rangi ya tofali. Pengo ambalo hatuna cha kulizibia liachwe lionekane, liwekewe alama, ili ajaye baada yetu ajue pa kuanzia. Codd hakufanikiwa kulitatua fumbo la kapa. Alifanikiwa kuwalazimisha waandishi wa programu kukiri kwamba fumbo lipo.

Ni wajibu wa wasomi wa Kiswahili, ambao wengi wao watakuwa walimu, makarani na wasimamizi wa rekodi, kuutia ukweli huo katika lugha ya watu. Nyanya wa Nyanchwa anapomwambia karani kwamba hajui siku aliyozaliwa, amesema kweli. Fomu yetu iwe na nafasi ya kuipokea kweli hiyo, na jedwali letu lisiigeuze kuwa tarehe mosi Januari.